Mkataba wa Barabara Usomwe Hadharani

Kila tunapokaribishwa kuzungumza na wakazi wa kandokando ya barabara kuu ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, hatukosi kukutana na bwana mmoja anayesimama nyuma ya ukumbi na kutuuliza kama sisi tunapinga maendeleo. Swali hilo lina umri. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliulizwa hilohilo aliposimama kidete dhidi ya jumba la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, jijini Nairobi. Alidhihakiwa Bungeni, shirika lake likafukuzwa ofisini, naye akaitwa majina ambayo hatutayarudia katika jarida linalosomwa pia na watoto wa Shule ya Jumapili. Jumba lile halikujengwa, na hatujamsikia mtu yeyote leo akililia.

Tutamjibu bwana yule bila kuzungukazunguka. Hatupingi barabara. Mwenye kuishi Salgaa hahitaji kuelezwa na mhandisi hatari ya barabara nyembamba inayobeba malori ya kwenda Uganda na magari ya wanafunzi kwa pamoja. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana pale Migaa, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha yao. Kila Desemba wasafiri hukesha katika msongamano kati ya Naivasha na Nakuru. Barabara ipanuliwe. Tunachopinga ni kulipishwa mara mbili, kuondolewa bila kusikizwa, na kufungwa kwa miaka mingi na mkataba ambao sisi tutakaoulipia hatujawahi kusomewa.

Mradi wenyewe ulizinduliwa na Rais William Ruto tarehe 28 Novemba 2025. Unajumuisha kilomita 175 kutoka Rironi hadi Mau Summit, pamoja na kilomita 58 za barabara ya Rironi, Maai Mahiu hadi Naivasha. Miongoni mwa waliokabidhiwa kazi ni kampuni ya China Road and Bridge Corporation ikishirikiana na NSSF, yaani hazina ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa nchi hii. Gharama zitarudishwa kwa ada itakayotozwa magari, na kima cha msingi kilichotangazwa ni shilingi 8 kwa kila kilomita. Msomaji achukue kalamu. Kilomita 175 kwa kima hicho ni shilingi 1,400. Kwenda na kurudi ni 2,800. Mfanyakazi wa Nakuru basi atakuwa amejenga kwa akiba yake, kisha alipe kwa mfuko wake ili aipite barabara aliyoijenga. Na asiye na gari asidhani kwamba jambo hili ni la wenye magari. Ada ya matatu haitatoka katika mfuko wa dereva, wala ada ya lori la karoti na viazi haitatoka katika mfuko wa mwenye lori.

Tunasema kulipishwa mara mbili kwa sababu tunakumbuka. Sheria ya kutoza ushuru barabarani ilipitishwa mwaka 1984, na wazee wetu wanavikumbuka vizuizi na vibanda vya kukatia tikiti. Mwaka 1993 ikaja sheria ya hazina ya matengenezo ya barabara, iliyoweka ada juu ya kila lita ya petroli na dizeli, na vibanda vile vikaondolewa. Huo ndio uliokuwa mwafaka baina ya Serikali na wananchi: kizuizi kiondoke, mtu alipe penye pampu. Tangu hapo tumelipa bila kukosa siku hata moja. Ada hiyo ilifika shilingi 18 kwa lita mwaka 2016, na Julai 2024 ikapandishwa hadi shilingi 25. Mwaka 2025 Serikali ikatoa shilingi 7 za kila lita ziwe dhamana, ili ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi madeni yao ya nyuma. Sasa kizuizi kinarejea, ilhali ada ya penye pampu haiendi popote.

Watetezi wa mradi hutuambia kwamba asiyetaka kulipa atafute njia nyingine. Ipi? Kwa miaka mingi njia ya pili ya kushuka katika Bonde la Ufa imekuwa ile ya Maai Mahiu, nayo imo ndani ya mradi huohuo. Mteremko ule ulichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali pale kando ya lami. Wengi wetu tumesimama humo tukaomba. Wafungwa wale hawakuulizwa barabara ipite wapi wala nani atafaidika nayo. Sisi si wafungwa wa vita. Tuna Katiba ya mwaka 2010, ambayo kifungu chake cha 10 kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa.

Wanaotaka kujua mambo haya huishia wapi waitazame Expressway ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilipofunguliwa mwaka 2022, gari dogo lililoipita yote lilitozwa shilingi 360. Tangu Januari 2024 likatozwa shilingi 500, na sababu tuliyopewa ni thamani ya dola. Hizo shilingi 8 za Rironi, kwa hiyo, tusizipokee kana kwamba zimechongwa juu ya jiwe. Lakini bei si funzo kubwa kuliko yote. Novemba 2020, mti mkubwa wa mugumo ulioko Waiyaki Way, uliokuwa ung'olewe kuipisha barabara hiyo, uliokolewa kwa amri ya Rais baada ya wananchi kupaza sauti. Tulishangilia, nasi tungeshangilia tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga ili kufungua barabara ya kuunganisha na Expressway, na maelfu ya watu wakalala nje pamoja na watoto wao. Mti ulipata amri ya Rais. Wao hawakupata.

Kwa nini? Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo harakati nyingi za wakazi zinapovunjikia. Kando ya barabara kuu huishi watu wa namna tatu. Yuko mwenye ploti aliye na hatimiliki kabatini. Yuko mpangaji, mwenye duka la dawa au chumba cha ushonaji, anayelipa kodi kwa mwenye ploti. Na yuko yule auzaye mahindi ya kuchoma, viazi au mboga juu ya hifadhi ya barabara. Siku alama ya X inapopakwa ukutani, wote watatu hufika mkutanoni na kuimba wimbo mmoja. Baada ya mwezi, mwenye ploti huitwa peke yake. Huonyeshwa hesabu ya fidia, huambiwa kwamba kelele zitamcheleweshea malipo, na Jumamosi inayofuata kiti chake katika kamati huwa kitupu. Mpangaji hupewa notisi na mwenye ploti, si na Serikali, na hivyo hana hata wa kumlalamikia. Yule wa mahindi ndiye anayebaki. Huyo huitwa mvamizi na Serikali ileile ambayo mtoza ada wake amekuwa akimkatia risiti kila asubuhi.

Tusifichane. Wapo waumini wenzetu, tena wenye viti vya mbele kanisani, waliokwisha kufanya mapatano ya namna hiyo huku majirani zao wakifungiwa vibanda. Hatuwalaani kwa kutaka fidia. Kifungu cha 40 cha Katiba kinawapa haki ya kulipwa kwa ukamilifu na bila kucheleweshwa, na wengi waliotwaliwa ardhi nchini wamezeeka wakingoja. Lakini kifungu hichohicho, katika ibara ya 4, kinaruhusu pia walipwe wale wanaoikalia ardhi kwa nia njema bila kuwa na hatimiliki. Ibara hiyo haina mtetezi isipokuwa yule mwenye hatimiliki akubali kumtetea asiye nayo. Kamati yoyote ya wakazi, iwe ya Kikopey penye wachoma nyama au ya Soko Mjinga penye akina mama wa karoti na njegere, ambayo haina mpangaji na mchuuzi ndani yake ni kamati ya kusubiri hundi. Tunapendekeza kwamba kabla ya jambo lingine lolote, wanakamati waahidiane mbele ya mkutano wote kuwa hakuna atakayekwenda kuonana na maafisa peke yake. Na atakayeitwa aende na wenzake wawili, mmoja wao awe mtu asiye na ploti.

Kuhusu mikutano inayoitwa ya ushirikishwaji wa umma, tumeihudhuria vya kutosha kuijua tabia yake. Tangazo hutoka gazetini kwa Kiingereza. Mkutano hufanywa siku ya kazi, saa nne asubuhi, wakati ambapo mchuuzi yuko sokoni. Waraka wa kurasa mamia huwekwa mezani siku hiyohiyo, na orodha ya waliotia sahihi ili wapate chai hugeuka kuwa ushahidi wa waliokubali. Kutohudhuria si dawa, maana asiyekuwepo na lake halipo. Dawa ni kuhudhuria na karatasi yenu wenyewe iliyoandikwa jana yake, kuisoma kwa sauti, na kudai iingizwe katika kumbukumbu za mkutano kabla ya mtu yeyote kutia sahihi popote. Mwaka 2019 Baraza la Mazingira lilifuta leseni ya kinu cha umeme wa makaa ya mawe huko Lamu kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wakazi wa Lamu walishinda kwa kuwa waliweza kuonyesha nani aliitwa, lini, na aliambiwa nini.

Tunarudi kwenye mkataba, kwa sababu pale ndipo yote yalipofungwa: ada, muda wa kuitoza, na ni nani atakayebeba hasara magari yakiwa machache. Tunaambiwa kwamba umekwisha kutiwa sahihi na kwamba hakuna la kufanya. La hasha! Kwa barabara hiihii, mkataba mwingine ulitiwa sahihi mwaka 2020 na kampuni za Kifaransa, mjini Paris kwenyewe, na mwaka 2025 Serikali yetu ikaufuta. Kilichofutika kwa manufaa ya Hazina Kuu kinaweza kurekebishwa kwa manufaa ya wananchi. Tunaambiwa pia kwamba mikataba ya namna hii ni siri. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamuru Serikali iwape wanaharakati wawili mikataba ya reli ya SGR waliyokuwa wamenyimwa. Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya mwaka 2016 ya upatikanaji wa habari vinampa kila raia haki ya kuomba nyaraka hizi, na afisa wa umma anatakiwa kujibu katika muda wa siku 21. Ombi halihitaji wakili. Linahitaji barua, tarehe, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa makanisa yetu tuna ombi lisilo la gharama. Parokia na makanisa yaliyo kati ya Limuru na Molo yana kumbi, yana makatibu wanaojua kuandika kumbukumbu, na yana kitu ambacho hakuna kamati nyingine iliyo nacho: mwenye ploti na mpangaji wake hukaa humo katika benchi moja kila Jumapili. Ukumbi utolewe baada ya ibada, saa moja tu, ili barua iandikwe na isomwe mbele ya wote. Barua iombe nakala nzima ya mkataba pamoja na viambatisho vyake. Iulize ni barabara gani itakayobaki bila ada kwa mtu wa Naivasha anayempeleka mgonjwa Nairobi. Iulize pia orodha ya watakaolipwa fidia imeandikwa na nani, na kama majina ya wapangaji na wachuuzi yamo. Itiwe sahihi na watu wa namna zote tatu tuliowataja, ipelekwe kwa mkono, na tarehe ya kupokelewa iandikwe ubaoni mlangoni mwa kanisa. Siku ya 22 ikifika bila jibu, kamati zote za barabara hii zikutane Nakuru kupanga safari ya mahakamani.