C-17: Askari wako tayari, lakini ndege ni ya nani?

Januari 2014, wanajeshi wa Rwanda wapatao 850 walitakiwa wafike Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako raia walikuwa wakiuawa ovyo. Askari walikuwa tayari, usafiri haukuwapo. Walichukuliwa Kigali, wao na zana zao, na ndege za Jeshi la Anga la Marekani aina ya C-17. Mwezi mmoja kabla, wenzao wa Burundi walipelekwa vivyo hivyo.

C-17 ni lori la angani. Ina injini nne na hubeba tani 77 hivi. Kifaru kizima huingia kwa mlango wa nyuma. Ziko ndege zinazobeba zaidi. Sifa ya hii ni kutua kwenye uwanja wa kilomita moja hivi, hata wa vumbi, kisha kurudi kinyumenyume kwa nguvu ya injini zake bila kuvutwa na trekta. Wewe unayeujua uwanja wa ndege wa wilayani kwenu utaelewa faida yake.

Agosti 15, 2021, Taliban walipoingia Kabul, C-17 moja ilipaa na watu 823, watoto 183 wakiwemo. Walikaa sakafuni, wamebanana kama dagaa.

Kila jeshi lingependa kuwa nayo, ila haitengenezwi tena. Boeing ilifunga kiwanda chake cha Long Beach, California, mwaka 2015 baada ya kuunda 279. Marekani inazo zaidi ya 220, India 11, Uingereza 8. Afrika hakuna nchi iliyonunua hata moja. Algeria inazo Ilyushin za Kirusi, ambazo hubeba pungufu.

Si Afrika peke yake inayoazima. Ufaransa ilipoingia Mali Januari 2013, Uingereza iliisaidia kwa C-17 mbili. Tofauti ni kwamba Ufaransa ilikuwa na ndege nyingine za kuanzia kazi. Umoja wa Afrika unaweza kupiga kura Addis Ababa asubuhi kwamba kikosi kiende, lakini siku ya kuondoka hupangwa na mwenye ndege, naye ana vita vyake na bajeti yake. Kwa watu wa Bangui, waliokuwa wamekimbilia uwanja wa ndege kwa maelfu, kila siku ya kungoja ilikuwa na maiti zake.