Betri ndogo bapa ifungiwe kama sumu

Hebu tazama mezani kando ya kompyuta yako, au ndani ya droo unamotia rimoti, chaja na saa zilizokufa. Iwapo utaona betri ndogo bapa inayong'aa kama sarafu, nakuomba uinuke uiondoe, kisha urudi uendelee kusoma.

Nina sababu ya kukuharakisha. Niliwahi kuletewa mtoto wa mwaka mmoja na nusu akidondokwa na mate na kukataa uji. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa amepelekwa kwingine, akapewa dawa ya kikohozi. Nilimwuliza mama yake kama kuna kitu kilichopotea nyumbani, naye akatikisa kichwa. Baba ndiye aliyekumbuka. Kompyuta yao ilikuwa imeanza kusahau saa na tarehe, akaifungua na kuibadilisha betri mwenyewe. Ile kuukuu aliiacha mezani. Picha ya eksirei ilituonyesha ilikokwenda.

Betri ilitolewa katika hospitali kubwa, na mtoto akapona. Hata hivyo, njia yake ya chakula ilibaki na kovu lililoibana, na ikabidi apanuliwe mara kadhaa kabla ya kuweza kumeza ugali kama wenzake.

Wengi hudhani kwamba hatari ya betri ni kumkaba mtoto, au kupasuka na kuvuja tumboni. Sivyo. Betri ya kompyuta aghalabu huwa imeandikwa CR2032. Maana yake ni kwamba ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Upana huo unatosha kuifanya ikwame katika umio wa mtoto mdogo. Ikikwama, mate huunganisha ncha zake mbili na umeme huanza kupita. Umeme huo hugeuza maji ya mwilini kuwa kemikali kali, jamii moja na kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Nyama ya umio huanza kuungua, na katika muda wa saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Kidonda kikizidi kwenda ndani, kinaweza kutoboa bomba la hewa au mshipa mkuu wa damu. Kuna watoto waliokufa kwa kutokwa na damu siku kadhaa baada ya betri kutolewa.

Usidanganyike kwamba betri iliyokwisha haina neno. Ile isiyoweza tena kuendesha saa bado ina nguvu ya kuunguza.

Betri hizi zimejaa nyumbani mwetu kuliko tunavyofikiri. Zimo katika rimoti ndogo za redio, taa na vyombo vya video, funguo za gari, mizani ya kujipimia uzito, vipima joto, kadi zinazoimba na vitu vya watoto vya kuchezea vyenye taa. Kagua kimoja kimoja. Kifuniko cha betri kinachofunguka kwa ukucha, funga kwa selotepu imara, au kiweke chombo hicho mbali na watoto. Unapobadilisha betri, usiwe na mtoto miguuni. Ile kuukuu izungushie selotepu pande zote mbili papo hapo, kisha uiweke juu, mahali pa kufungwa, hadi utakapoitupa. Ukimwita fundi wa kompyuta, mwulize ameiweka wapi betri aliyoitoa.

Je, ukishuku kwamba mtoto amemeza? Usingoje dalili, kwa maana huenda zisionekane mapema. Zikionekana, hufanana na za mafua: kukohoa, kutapika, mate mengi, kukataa chakula. Usimtapishe. Usimpe chakula, maziwa wala maji. Mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei, na ukifika mlangoni tamka neno "betri". Katika picha, betri inaweza kudhaniwa ni sarafu, na sarafu huweza kusubiri. Betri haisubiri.

Iwapo mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali hupunguza makali ya kuungua, lakini si tiba. Kama haipo nyumbani, usipoteze muda kuitafuta dukani. Mtoto ambaye hajafikisha mwaka asipewe asali kamwe. Na betri ikiingia puani au sikioni, usitie dawa ya matone. Hiyo nayo ni dharura.

Jambo moja hunikera. Mtoto akiumia hivi, majirani huanza kumlaumu mama kwa kukosa uangalifu. Ni mama gani awezaye kumlinda mtoto kila dakika, ilhali nyumba imejaa vyombo vinavyofunguka kwa kidole? Australia ililazimisha watengenezaji kufunga mahali pa betri hizi kwa njia isiyofunguliwa kirahisi na mtoto, kuanzia mwaka wa 2022. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria iitwayo Reese's Law, kwa jina la mtoto aliyefariki baada ya kumeza betri ya rimoti.

Maoni yangu ni kwamba bidhaa zinazouzwa kwenye vibanda vyetu zipimwe kwa kipimo hichohicho, na Shirika la Ubora wa Bidhaa, KEBS, lisilegeze kamba katika jambo hili. Lakini nawe una uwezo leo. Kabla ya kulipa, geuza chombo utazame mgongoni. Kama kifuniko cha betri hakina skrubu, kirudishe. Mwuzaji akirudishiwa bidhaa mara kumi, ataagiza nyingine.

Mafuta taa tumezoea kuyaweka mbali na watoto, na dawa za panya tunazificha. Betri hii twaidharau kwa udogo wake, na wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.