Radi Haitumwi na Jirani

Msiba wa radi ukitokea katika vijiji vyetu vya Uluguru, iwe Kinole, Matombo au Mgeta, neno moja husikika kabla kaburi halijafukiwa: "Ametumiwa." Kisha jina hutajwa. Mara nyingi ni jina la bibi kizee asiye na mtoto wa kumsemea. Na wanaolitaja si watu wa mbali. Ni sisi tuliobatizwa, tunaoimba kwaya, tunaokutana kila wiki katika jumuiya ndogondogo.

Tunaandika kulipinga neno hilo, na kuupinga pia ukimya wa wale ambao wajibu wao ni kulikanusha mimbarini.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Anawauliza wasikilizaji kama wanadhani marehemu hao walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hatafuti dhambi ya siri ya waliokufa, wala hamtafuti jirani aliyeusukuma mnara. Anawageukia walio hai na kuwaambia watubu wao.

Juni 2011 radi ilipiga shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, ikaua wanafunzi 18 pamoja na mwalimu. Wanafunzi 18, idadi ya Siloamu. Nani kati yetu angethubutu kusimama mbele ya wazazi wale na kuwahubiria laana? Shule ile baadaye ilifungiwa kinga ya radi. Hilo ndilo lililohitajika, na lingehitajika hata kama kijiji kizima kingekuwa cha watakatifu.

Kinachotokea mlimani kwetu si siri. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta unyevu, unyevu hupanda miteremko ya mashariki ya Uluguru, hupoa na kuwa mawingu marefu. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana, na kwa kugongana huko chaji za umeme hutengana, chanya upande mmoja, hasi upande mwingine. Hewa haipitishi umeme kwa urahisi, kwa hiyo chaji hulimbikizana mpaka hewa ishindwe. Ndipo mkondo wa maelfu ya ampia hupita kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hewa iliyopata joto ghafla hutanuka kwa kishindo, nasi tunasikia ngurumo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ukihesabu sekunde 3 kati ya mwanga na ngurumo, radi imepiga kilometa 1 kutoka ulipo. Haijakutafuta.

Mkondo ukifika ardhini hausimami pale pale, husambaa udongoni. Mwenye miguu iliyoachana huwa na nguvu kubwa ya umeme chini ya mguu mmoja kuliko mwingine, na tofauti hiyo huusukuma mkondo kupanda mguu huu na kushuka ule. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma iko mbali, kwa hiyo ng'ombe hufa na mchungaji aliyesimama naye hupona. Watu wakiona hivyo husema radi imechagua. Haijachagua kitu. Mtoto aliyefundishwa kuukimbia mti mrefu, kuingia katika nyumba imara, na akikosa nyumba achuchumae miguu ikiwa pamoja, amepewa nafasi ya kuishi ambayo hirizi haimpi.

Tutaambiwa kwamba Zaburi ya 29 inaiita ngurumo sauti ya Bwana. Tunaamini hivyo. Mvua nayo ni ya Bwana, huwanyeshea wenye haki na wasio haki, na hakuna anayekana imani kwa kujua kwamba inatoka mawinguni. Anayepaswa kujihoji ni yule anayesema bibi kizee wa jirani anaweza kurusha radi. Huyo amemtoa Mungu kitini na kumkalisha bibi huyo. Halafu amemshuhudia jirani yake uongo, jambo ambalo amri ya nane inalikataza, na ambalo hata Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inalihesabu kosa.

Wapo pia wanaodai kwamba fizikia ni elimu ya wasioamini. Wanalisema hilo kwa kipaza sauti, ambacho ndani yake mna sumaku na waya uliozungushwa, kazi ya Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyekuwa mzee wa kanisa dogo jijini London. Ampère, ambaye jina lake tunapimia mkondo, alikuwa Mkatoliki. Maxwell, aliyeonyesha kwa hesabu kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya sumaku na umeme, alikuwa mzee wa kanisa kule Scotland. Na mwaka 1754 padre Prokop Diviš, paroko wa Přímětice katika nchi ya Moravia, alisimamisha mlingoti wa chuma uliounganishwa na ardhi ili kuvuta umeme wa mawingu. Baada ya miaka michache ukaja ukame, na waumini wake wakaubomoa mlingoti wakisema umefukuza mvua. Tukiwacheka, tujicheke na sisi.

Aibu ni kubwa zaidi kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mkoa wa Morogoro una Kidatu, inayofua umeme tangu 1975, megawati 204, na Kihansi yenye megawati 180. Mitambo yote hiyo inaendeshwa na jambo moja aliloligundua Faraday mwaka 1831: sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, mkondo huzaliwa. Mwanafunzi wa sekondari hulikariri jambo hilo kwa Kiingereza, kwa chaki, bila kushika sumaku wala waya. Akifaulu mtihani hurudi nyumbani, na mawingu yakifunga hufunika vioo na kuvua shati jekundu. Hatumlaumu. Msumari, waya, betri ya tochi na dira vingetosha kumwonyesha kwa macho yake, na ukumbi wa kigango hukaa mtupu siku tano kwa wiki. Walimu wa fizikia tunao, wengine wanaimba besi kila Jumapili.

Na paa la kanisa? Tumeweka misalaba ya chuma juu ya vilele, mahali palipoinuka kuliko nyumba zote, na pengi hakuna waya wa shaba unaoshuka kutoka msalabani mpaka ardhini. Chini ya msalaba huo tunawaketisha watoto wa kipaimara alasiri za Aprili. Mabaraza ya walei yapitishe fedha ya waya huo na ya fundi anayejua kuuzika vizuri, kabla ya harambee ya spika mpya, na yafanye hivyo kabla ya masika ijayo.