UKURASA WA FAMILIA: Tumeitazama Pocahontas, sasa tuzungumze

Asanteni kwa barua mlizotia kwenye sanduku letu. Safari hii zimekuja nyingi, na karibu zote zinahusu jambo moja: ile filamu ya katuni ya Pocahontas, iliyoonyeshwa kwenye banda la vijana wakati wa likizo, na ambayo sasa inazunguka kwenye simu kutoka bloku hii hadi ile. Basi mwezi huu tunawapa nafasi watazamaji kwanza. Halafu tutajibu barua moja ambayo kwa kweli haiwezi kungoja.

Kwa wale ambao hawakuiona: ni filamu ya Marekani ya mwaka 1995, ya kampuni ya Disney, yenye nyimbo nyingi. Inasimulia habari za mwaka 1607, Waingereza walipofika kwa meli katika nchi waliyoiita Virginia, wakitafuta dhahabu. Binti wa chifu wa wenyeji, Pocahontas, anakutana msituni na kapteni Mwingereza aitwaye John Smith, wanapendana. Baba yake anataka aolewe na shujaa wa kwao, Kocoum. Kocoum anapigwa risasi na kijana mmoja Mwingereza, Smith anakamatwa kwa kosa hilo, na anapotaka kuuawa, binti anajitupa juu yake kumkinga. Vita vinazuiwa. Mwishoni Smith anapigwa risasi na gavana wake mwenyewe, anarudishwa Uingereza kutibiwa, na binti anabaki kwao akiitazama meli ikienda.

WATAZAMAJI WANASEMA

Msichana wa darasa la sita ameandika: "Mimi nimeipenda kwa sababu msichana ndiye aliyezuia vita. Wanaume wa pande zote mbili walikuwa wanapiga kelele tu."

Mama mmoja wa kikundi cha ushonaji anasema: "Ule wimbo wa upepo watoto wangu wanauimba toka asubuhi, hata maneno hawayajui, wanaimba sauti tu. Na yule mnyama mwizi wa chakula alitufanya tucheke mpaka machozi." Mama, hukukosea. Wimbo huo, "Colors of the Wind", ulipata tuzo ya Oscar mwaka 1996.

Mzee mmoja hakucheka sana: "Hao wageni wanafika, mara wanasimika bendera, mara wanachimba udongo wa watu bila kuomba. Hapo filamu imesema kweli, hata kwetu Kongo walikuja hivyo hivyo. Lakini mwisho wake ati watu wanaagana vizuri, wanapeana chakula! Mimi mkoloni wa namna hiyo sijamsikia."

Kijana mmoja: "Mapenzi hayana kabila wala mipaka. Wazee waitazame wajifunze, waache kutuchagulia."

Na sasa ile barua. Imetoka kwa mama mwenye watoto watano: "Binti yangu ana miaka 12. Kuna mwanaume mtu mzima anayemwita njiani akitoka shule, anampa vocha ya simu na mafuta ya kujipaka. Nilipomkanya binti, akaniambia: Mama, mbona hata Pocahontas alimkataa yule wa baba yake akampenda mgeni, na watu wote wakampigia makofi? Nikakosa jibu. Nisaidieni."

ALIKUWA NA UMRI GANI?

Mama, jibu lipo, na limo katika historia yenyewe.

Katika filamu Pocahontas ni dada mkubwa, mrefu, ameshaiva kuolewa. Umri wake hautajwi. Yule kijana wetu wa banda aliyekuwa akitafsiri kwa Kiswahili, kwa kutaka kunogesha, akamwita "mrembo wa miaka kumi na nane". Hatumlaumu, ndivyo macho yalivyomwonyesha. Lakini Pocahontas hakutungwa. Alikuwa mtu kweli. Wanahistoria wanakadiria kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1596. Kwa hiyo Waingereza walipofika mwaka 1607 alikuwa na miaka kama 11. John Smith alikuwa na miaka 27 hivi.

Rudia hesabu hiyo na binti yako: miaka 11 na miaka 27.

Hata jina lenyewe linaonyesha. Majina yake ya kwao yalikuwa Amonute na Matoaka. "Pocahontas" lilikuwa jina la utani, maana yake kama vile sisi tunavyosema "mtundu" au "mpenda michezo". Mwingereza mmoja wa wakati ule, William Strachey, aliandika jinsi mtoto huyo alivyokuwa akija kwenye ngome yao na kucheza na wavulana, wakipinduka mikono chini miguu juu. Huyo ni mtoto, jamani, tena mtoto kabisa, kama hawa wetu wanaoshindana kwenye foleni ya bomba.

Je, alimwokoa Smith? Hilo wanahistoria wanabishana. Smith alikamatwa kweli na watu wa baba yake mwezi wa Desemba 1607. Lakini katika kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1608, hakuna mahali anaposema kwamba mtoto alimkinga. Alikuja kuchapisha habari hiyo katika kitabu cha mwaka 1624, na wakati huo Pocahontas alikuwa amekufa miaka 7. Wako wanaodhani lilitokea, wako wanaodhani ilikuwa desturi ya kumpokea mgeni katika ukoo naye hakuielewa, na wako wanaosema alijitungia. Habari ya wao kuwa wapenzi, hiyo hata Smith mwenyewe hakuiandika.

Tena kuna jambo ambalo filamu ingelionyesha, binti zetu wangeelewa mara moja. Smith alirudi Uingereza mwaka 1609 baada ya kuungua vibaya kwa baruti. Wenyeji waliambiwa amekufa. Miaka mingi baadaye wakaonana tena huko Uingereza, naye Pocahontas ni mwanamke mwenye mume na mtoto. Smith mwenyewe ameandika kwamba alimlaumu, na kwamba alishikilia kumwita "baba". Alimkumbusha kwamba yeye Smith, alipokuwa mgeni katika nchi yao, alimwita chifu "baba", basi naye sasa ni mgeni na atamwita vivyo hivyo. Sisi tunajua mtu unayemwita baba ni nani kwako.

YALIYOMPATA KWELI

Baada ya Smith kuondoka, vita vilizuka kati ya Waingereza na watu wa chifu Powhatan, baba yake, ambaye aliongoza makabila kama 30. Strachey anaandika kwamba binti aliolewa na mtu wa kwao, ndiye yule Kocoum. Mwaka 1613 kapteni Mwingereza, Samuel Argall, alimteka. Alimpata kwa msaada wa wenyeji wawili, mume na mke, waliomshawishi apande melini. Malipo yao yanayotajwa ni sufuria ya shaba. Alikuwa na miaka 16 au 17. Waingereza wakamtaka baba yake arudishe mateka wao, silaha na mahindi.

Akakaa mikononi mwao karibu mwaka mzima. Huko alifundishwa dini yao, akabatizwa kwa jina la Rebecca, na mwezi wa Aprili 1614 akaolewa na mlimaji wa tumbaku, John Rolfe. Vita vikasimama kwa miaka kadhaa. Kama alimpenda Rolfe hatuwezi kulisemea, kwa sababu yeye mwenyewe hakuacha hata mstari mmoja wa maandishi. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba "ndiyo" ya mtu aliye mateka haina uzito sawa na "ndiyo" ya mtu aliye huru kwao.

Mwaka 1616 kampuni iliyoendesha koloni ilimpeleka London pamoja na mume na mtoto wao Thomas, ili watu wamwone na watoe fedha. Mwezi wa Machi 1617, walipoanza safari ya kurudi, aliugua akafa mji wa Gravesend, Uingereza. Alikuwa na miaka kama 21. Akazikwa huko huko ugenini. Ile sehemu ya pili ya filamu, ya mwaka 1998, inamwonyesha akirudi kwao salama. Hakurudi.

WENYEWE WALISEMAJE?

Msidhani ni sisi tu tunaobishana. Hata wenyeji wa Amerika walitofautiana. Russell Means, Mlakota na mtetezi wa haki za watu wake, ndiye aliyetoa sauti ya baba katika filamu, naye aliisifu kwa kuonyesha tamaa ya wageni. Lakini chifu Roy Crazy Horse wa Powhatan Renape, watu wanaohesabu ukoo wao kwa Powhatan, aliilaumu waziwazi kwamba imeiharibu historia. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 300. Pamunkey, mojawapo ya makabila ya Powhatan, walikuja kutambuliwa na serikali ya Marekani mwaka 2015, na makabila mengine sita ya Virginia mwaka 2018. Hebu pimeni wenyewe: filamu ilishamaliza miaka 20 ikizunguka dunia, ndipo watu wa hadithi wakatambuliwa kwamba wapo.

Sisi wakimbizi jambo hili tunalielewa. Wangapi kati yetu tumeketi mbele ya meza, tunasema maneno mia, anayeandika anaandika kumi? Kinachobaki kwenye faili ndicho kinachokuwa wewe. Pocahontas habari yake yote iliandikwa na wengine.

TUWAAMBIE NINI WATOTO?

Hatusemi watoto wakatazwe filamu. Nyimbo ni nzuri, na lile funzo la kutomdharau mtu kwa sababu hafanani nawe linatufaa sana hapa kambini. Kijana wetu, wewe pia una haki: kuchagua mwenzi ni jambo la watu wazima wawili. Neno lenyewe ni watu wazima. Mtu mzima anayemfuata mtoto wa shule na zawadi si John Smith wa kwenye katuni, na hata John Smith wa kweli hakuwa mpenzi wa mtoto huyo.

Mama mwenye barua, usimpige binti, na usimwambie tu "nyamaza". Keti naye jioni mkichambua maharage, umweleze Amonute alikuwa mtoto wa miaka 11 aliyependa kupinduka michangani, na watu wazima wakamgeuza bibi harusi wa hadithi bila kumwuliza. Muulize yeye anaonaje. Halafu yule bwana wa vocha asibaki siri ya nyumba yenu. Mpeleke mwenzako au mzee wa bloku unayemwamini, mkamwone pamoja, na mwalimu ajue, na ofisi inayoshughulikia ulinzi wa watoto ijue. Vocha ni ndogo kuliko sufuria ya shaba, lakini mtego ni ule ule.

Na ninyi wengine, tuandikieni. Mmeionaje filamu? Tena waulizeni bibi na babu wangali hai: wageni wa kwanza walipofika kijijini kwenu, watoto wa wakati ule walisimulia nini? Andikeni kama wanavyosema wao, kwa maneno yao, mtie sandukuni kabla ya mwisho wa mwezi.