Mise si dawa ya mba, tuache kuuziana

Jamani vijana wenzetu wa Kabonga, na nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee kuhusu vichwa. Siyo akili, vichwa vyenyewe: mba.

Kuanzia Rumonge mpaka huku mpakani, michikichi iko kila upande. Nyama ya tunda inatoa mawese. Kokwa ikipasuliwa inatoa mise, na mise ikikaangwa na kukamuliwa inatoa yale mafuta meusi yenye harufu ya moshi. Mama zetu wametupaka hayo tangu uchanga, na ngozi inang'aa kweli. Hatuna ugomvi nayo. Tatizo ni vichupa vinavyozunguka siku hizi, vimeandikwa "dawa ya mba, asili 100%", mise imechanganywa na nyonyo au mwarobaini. Na mnunuzi mara nyingi ni yule aliyeshuka boti juzi tu kutoka upande wa Fizi, hela yenyewe ya kuhesabu.

Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mtu anaishi fangasi anaitwa Malassezia. Hawezi kujitengenezea mafuta, kwa hiyo anakula yanayotoka kwenye ngozi yetu. Mabaki ya chakula chake yanawasha baadhi yetu, ngozi inajibandua haraka, na hapo ndipo unaona unga mabegani. Sasa mise, nyonyo, hata nazi, vina mafuta ya aina ambayo fangasi huyu anayaweza. Ukipaka usiku, unga unalowa, hauonekani, unadhani umepona. Kumbe umempakulia.

Mwarobaini ni habari tofauti kidogo. Maabara zimeonyesha kwamba dondoo za mbegu zake huzuia fangasi wa aina kadhaa, hapo tusiwabishie wazee. Ila sahani ya maabara siyo kichwa cha mtu. Na mafuta ya mbegu zake yakinywewa na mtoto mdogo ni sumu. Huko Malesia na India yameleta degedege na hata vifo. Kwenye hema la watu saba, chupa hiyo utaificha wapi?

Kinachotuuma zaidi ni watoto wenye mapunye, yale mabaka ya duara ambayo nywele zinakatika. Wanapakwa mise miezi mitatu kwa kudhani ni mba. Fangasi wa mapunye yuko ndani ya unywele wenyewe, mafuta hayamfikii. Anatibiwa kwa vidonge vya griseofulvini kwa wiki kadhaa, vya kliniki. Wakati huo kitana kinazunguka nyumba nzima.

Sasa nyinyi wa mashirika, msidhani mmepona. Watu hawanunui vichupa kwa ujinga. Kipimo chenu mnakijua: gramu 250 za sabuni ya kuogea, mtu mmoja, mwezi mzima. Dada mwenye nywele nyingi afanyeje? Tangu kipindupindu cha Mei 2015 hapo ng'ambo Kagunga, ambako baadhi yetu tulilala ufukweni tukisubiri MV Liemba, kila semina ni mikono, mikono. Sawa, tumeelewa. Lakini ukienda kuonyesha mba unaambiwa huo ni urembo. Mbona selenium sulfidi ya kuoshea kichwa iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO? Na shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, mara mbili kwa wiki, povu likiachwa dakika 3 hadi 5, kwa wengi inatuliza mba ndani ya wiki 2 mpaka 4. Siyo dawa ya matajiri hiyo.

Na mise zetu? Tupikie sabuni. Mafuta yake yanatoa kipande kigumu chenye povu jingi. Tunachokosa ni kostiki, glovu, mizani na mtu wa kutufundisha vipimo, siyo semina nyingine ya ujasiriamali. Wenye vichupa tunawajua, ni wenzetu hawa hawa. Jumamosi waje na mafuta waliyobakiza, tupige hesabu ya vipande pamoja.