Usilipie taa za RAM

Umeweka akiba miezi kadhaa ujiundie kompyuta ya gemu, halafu unafika Luthuli unakuta bei ya RAM imeruka kuliko ulivyopiga hesabu. Safari hii usimlaumu muuzaji pekee. Samsung, SK Hynix na Micron, ambao ndio hutengeneza sehemu kubwa ya chipu za RAM duniani, wamegeukia seva za akili unde kwa sababu huko ndiko kwenye pesa. Desemba 2025 Micron hata ilitangaza kwamba inaacha biashara ya Crucial, jina ambalo watu wa mfuko mwembamba walilizoea. Ukiamua kungoja bei ishuke, ngoja ukiwa umeketi.

Mimi nasema nunua DDR4 ya mtumba, achana na DDR5 kwa sasa. DDR5 inataka madabodi na prosesa za kisasa, na hizo nazo zina bei zake. DDR4 utaipata hata kwenye zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk zilizotoka ofisini. Hakikisha tu mashine yako si ya DDR3, maana hizo mbili haziingiliani kabisa.

GB 16 zinatosha GTA V, Fortnite na Valorant. Anayekwambia bila 32 huchezi, mwambie akuongezee pesa. Ila chukua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16. Prosesa huvitumia vyote viwili kwa pamoja, na kama huna kadi ya grafiki, tuseme unategemea Ryzen 5 5600G, gemu inakopa RAM hiyo hiyo kuchora picha. Ukiweka kipande kimoja, utaona picha ikikwamakwama.

Taa za rangi kama za nganya? Hazikuongezei chochote. Kasi ya 3600 pia usiilipie kama unaiweka kwenye mashine ya ofisini. Nyingi hazina XMP kwenye BIOS, kwa hivyo itakimbia polepole tu.

Sasa, ile ya bei ya kutupwa ndiyo ya kuogopa. Mara nyingi ni RAM ya seva. Inaingia vizuri kwenye nafasi yake, lakini kompyuta ya nyumbani haiwaki. Soma stika: kwa zile za Samsung na SK Hynix utaona kitu kama PC4-2400T, kisha herufi. R ni ya seva, S ni ya laptopu, U ndiyo yako.

Kabla hujatuma M-Pesa, iwashwe ukiona. Weka MemTest86 kwenye flashi, ni ya bure, na hata kosa moja likitokea hiyo RAM ni mbovu. Kwa kuwa kipimo chenyewe huchukua muda, dai siku saba za kurudisha, ziandikwe kwenye risiti. Akianza kukwambia "boss, hii ni safi, hakuna haja", duka lingine liko hapo kando.