Nishati Mbadala: Mbadala wa Nini?

Katika hotuba, magazeti na vitabu vya shule, umeme wa jua, upepo na mvuke wa ardhini aghalabu huitwa "nishati mbadala". Istilahi hii imezoeleka mno hata ni nadra kuhojiwa. Hata hivyo, mbadala ni kile kinachoshika nafasi ya kingine. Yafaa basi kuuliza: nishati hii ni mbadala wa nini?

Katika gridi ya taifa la Kenya, jina hili halina mashiko tena. Mtambo wa kwanza wa mvuke ulianza kazi Olkaria mwaka 1981, ukiwa na uwezo wa megawati 15. Mwaka 2019 ulizinduliwa rasmi mradi wa upepo wa Loiyangalani wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Leo takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Majirani nao hawakulala. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, Tanzania, lina uwezo wa megawati 2,115. Lile la Karuma, Uganda, lililozinduliwa mwaka 2024, megawati 600. Kilicho kikuu hakiitwi mbadala.

Jikoni mambo ni kinyume. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya kaya nchini Kenya zilipikia kuni, na nyingine nyingi makaa. Kwa kaya hizo, umeme ukifika ni wa taa na simu, mafiga hayajaondoka. Hapa jina linakuwa kweli, tena kweli chungu: mbadala upo, ila haujashika nafasi yake. Miti inazidi kukatwa na moshi unazidi kuwadhuru akina mama na watoto.

Wapo watakaodai kwamba hilo ni suala la bei na wahandisi, si la wanalugha. Bei ni kikwazo cha kweli. Hata hivyo, taifa linalohesabu megawati kwa jina la "mbadala" hujiaminisha kuwa kazi imekwisha, ilhali jikoni haijaanza. Isitoshe, Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali kuhimiza umma kushiriki katika utunzaji wa mazingira, lakini Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilitungwa kwa Kiingereza. Mtu atashirikije katika jambo asilolielewa?

Maadamu istilahi huongoza fikra, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuzitenganisha. Vyanzo visivyokwisha, kama vile upepo na mvuke, viitwe "nishati jadidifu". Neno "mbadala" litengewe kile kitakachoondoa kuni na makaa mekoni. Siku hiyo ikiwadia, megawati zitakuwa na maana hata kwa mpishi.